Naomba ushauri: mwanafunzi mwenye disleksia chuoni

Ndugu zangu, nafundisha uhasibu katika chuo kimoja hapa Mombasa, na nina mwanafunzi mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, ambaye ukimuuliza kwa mdomo anaeleza urari (jedwali la kulinganisha jumla za debiti na krediti) bila kusita, lakini kwenye karatasi huandika 69 mahali pa 96 na muda humwishia akiwa bado anasoma swali la pili. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na jamii, nami naona haki hiyo haimfai kitu iwapo mtihani unapima kasi ya kusoma badala ya uhasibu. Muda wa ziada nimeuomba idarani, bado sijajibiwa. Je, mnaofundisha vyuoni, mnamsomeaje mwanafunzi maswali bila kumwaibisha mbele ya wenzake, na ofisi za mitihani kwenu hukubali ripoti ya mtaalamu gani?