MREJESHO: Vipande vya ubongo wa panya vilivyopoteza mng'ao

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Tatizo lilikuwa vipande vya ubongo wa panya wa Thy1-YFP (baadhi ya neva zao hung'aa kwa protini ya manjano, YFP), unene milimita 1: mng'ao ulikufa siku mbili baada ya kuvitia kwenye dibenzili-etha ili vipitishe mwanga, na picha ya hadubini iligoma kupita kina cha mikroni 200 (milimita 0.2).

Aliyesema niachane na methanoli (ya kuondoa maji) na etha alipatia. Nimehamia CUBIC, njia ya kufanya tishu ipitishe mwanga kwa dawa za maji. Mchanganyiko wa kwanza, kwa uzito: yurea 25%, Quadrol (kemikali ya amini) 25%, Triton X-100 (sabuni ya maabara) 15%, vingine maji. Siku 3, nyuzi 37, gizani, dawa mpya kila siku. Baada ya kuosha kwa bafa, wa pili: sukari ya mezani 50%, yurea 25%, triethanolamini 10%. Huu ni mzito kama asali, viputo havitoki vyenyewe. Zungusha kwenye sentrifuji kabla ya kumimina. Wiki imepita, YFP bado inawaka.

Kina cha mikroni 200 hakikuwa kosa la dawa kabisa (aibu kidogo hapa). Lenzi ya mafuta ilikuwa imefika mwisho wa masafa yake, inagusa kioo. Lenzi ya gliserini yenye pete ya kusahihisha imenifikisha mikroni 700, na aksoni (nyuzi ndefu za neva) za tabaka la 5 la gamba la ubongo zinafuatika.

Kilichoshindikana: kingamwili ya kutia rangi pavalbumini, protini ya baadhi ya neva. Siku 4, imepenya mikroni 150 hivi kila upande, katikati patupu. Kwa rangi hiyo nimerudi vipande vya mikroni 300.

Pia kipande huvimba kwenye mchanganyiko wa kwanza. Kipigeni picha na rula kabla na baada, la sivyo urefu wa aksoni utawadanganya.

Asanteni sana.