Naomba ushauri: kwodi baiki ya 4x4, nyuma iwe ya ekseli nzima au kila gurudumu na mikono yake?

Wakuu, habari zenu. Natafuta kwodi baiki (pikipiki ya magurudumu manne) ya 4x4 kwa kazi za shamba huku Njombe: kuvuta trela la viazi, kubeba mbolea, kupita njia zenye makorongo masika. Nimeipenda Honda Rancher 420, ila ipo ya aina mbili na hapo ndipo ninapokwama.

Ya kwanza nyuma ina ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili. Vyuma ni vichache, ukipakia mzigo difu (sanduku la gia za ekseli) haishuki kukaribia ardhi, na ukikata mlima kwa ubavu haiyumbi sana. Lakini gurudumu moja likipanda jiwe, nyuma yote inainama, kiuno kinajua.

Ya pili kila gurudumu la nyuma lina mikono yake ya kulishikilia, hivyo linapanda na kushuka peke yake. Inatulia kwenye mashimo, ila ukiipakia inakaa chini. Kinachonitisha ni mipira ya sivijointi, yaani vifuniko vya mpira vya jointi zinazozungusha magurudumu: ikichanika kidogo tu, grisi inatoka, tope linaingia, na jointi inaanza kugonga.

Binafsi naegemea ekseli nzima. Mliofanyia hii ya pili kazi za mizigo, mipira hiyo inahimili tope? Na trela lenye magunia mawili ya viazi linailaza nyuma kiasi gani?