Naombeni ushauri: Uturuki kwa treni, bila haraka

Habarini wakuu. Mwakani mimi na mama tunataka kwenda Uturuki, na hatutaki zile safari za kukimbizana na kiongozi mwenye kibendera. Tutaanzia Istanbul, kisha treni ya mwendokasi hadi Eskişehir, halafu Konya kuzuru kaburi la Rumi, yule mshairi wa Kisufi. Ndani ya Istanbul tutatumia Istanbulkart (kadi ya nauli) kwenye tramu, vivuko na Marmaray, ile treni inayopita chini ya mlango wa bahari wa Bosphorus (mama ameshaanza kuiogopa).

Kinachonitatiza ni Kapadokia, lile eneo la miamba ya ajabu. Mwenye magoti mabovu ataliweza basi la kutoka Konya, au tuiache tu? Na tiketi za treni nikate mapema, au hata siku yenyewe stesheni zinapatikana? Waliofika huko nisaidieni.