Naomba ushauri: programu yetu ya vikoba, nani apige kura?

Wakuu, heshima kwenu.

Tuna programu huria ya kutunza hesabu za vikoba. Tunaitengeneza kwa kujitolea, watu wa Dar, Mwanza, Nairobi na mmoja yuko Muscat. Mwanzilishi ni kaka mwenye moyo sana, ila kila kitu kiko kwake: jina la tovuti hulipiwa kwa kadi yake, msimbo uko kwenye akaunti yake binafsi, na toleo jipya halitoki mpaka aliidhinishe yeye. Juzi alisafiri kikazi, hitilafu ya kukokotoa riba ikakaa wiki nzima ilhali marekebisho yalikuwa tayari. Mwenyewe amekubali tugawane madaraka.

Mvutano uko kwenye orodha ya wapiga kura. Wanaoandika msimbo wanasema kura ni yao tu. Tuna dada ambaye hajaandika hata mstari mmoja, lakini mwongozo wote ni wake, na ndiye anayewajibu makatibu wa vikoba usiku wakikwama kufunga hesabu. Kuambiwa yeye ni "mtumiaji tu" kumemuuma, na mimi kumeniuma. Halafu kuna kampuni inataka kutupa watengenezaji wawili inaowalipa mshahara. Nao wapige kura?

Fundi_Msimbo: Mkuu, malizeni uanachama kwanza, uchaguzi baadaye. Debian, mradi wa kujitolea unaotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wana katiba tangu 1998. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka, na wanachama wakipiga kura wanaweza kutengua uamuzi wake. Hili lenu walilipigia kura 2010, wakakubali wanaochangia kwa njia nyingine, bila kutengeneza vifurushi (programu zilizoandaliwa tayari kusakinishwa), wawe wanachama wenye kura. Ruhusa ya kupakia vifurushi ndiyo hawapewi. Huyo dada mpeni kura leo, ufunguo wa msimbo hauhitaji.

BintiMwambao: Kuhusu kampuni: Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya kuandikia programu ya Python, alipoachia uongozi wake Julai 2018, wenzake walikuja kuchagua baraza la watu 5, na mwajiri mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya 2 humo. Wekeni sharti hilo sasa kampuni ikiwa bado ngeni, maana baadaye mtaonekana mnamlenga mtu. Na hao wawili waingie kwa kazi ya mikono yao, si kwa barua ya mwajiri.

MamaKikoba: Mimi si mtu wa kompyuta, niko kikoba. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na mwenyekiti hana hata mmoja. Tukisikia hesabu zetu ziko mkononi mwa mtu mmoja tunaogopa, hata awe mwema vipi. Nywila zenu zigawaneni hivyo hivyo.

Mleta uzi: Asanteni sana, mama nimekuelewa. Na jina la programu? Hatujasajili chochote.

Fundi_Msimbo: Msilisajili kwa jina la mtu. La Debian linashikiliwa na Software in the Public Interest, shirika lisilo la faida la Marekani linalotunza mali za miradi mingi. Kama kuunda chama chenu ni mzigo kwa sasa, ombeni hifadhi kwenye shirika la aina hiyo, ila muandikiane kabisa ni nani mwenye idhini ya kuliagiza litoe fedha.