MJADALA: Je, kijidudu cha kubuni kwenye riwaya za kutisha kinapaswa kutii sayansi?

Wadau, kila tukizungumzia riwaya za kutisha hoja inayorudi ni ileile: hadithi ni hadithi, mwacheni mwandishi abuni kijidudu anachotaka. Siikubali. Kijidudu kisichofungwa na sheria yoyote humshangaza msomaji kurasa mbili tatu, kisha hofu inakwisha, kwa sababu kinaweza lolote.

Chukueni fangasi anayemtawala binadamu, anayependwa sana siku hizi. Asili yake ni ya kweli. Fangasi aitwaye Ophiocordyceps huingia mwilini mwa sisimizi wa misitu ya joto, akamfanya aache wenzake, apande mmea, aung'ate mshipa wa jani na kufia hapo. Baadaye kikonyo cha fangasi huchomoza kichwani na kudondosha spora, yaani chembe zake za kuzaliana, chini wanakopita sisimizi wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta seli za fangasi zimeenea mwili mzima na kuzingira misuli, lakini ndani ya ubongo hazimo. Huenda ubongo hufikiwa na kemikali zake tu. Kwangu hilo linatisha kuliko riwaya yoyote ya ubongo ulioliwa: kiumbe bado ana ubongo wake mzima, ila taya na miguu si vyake tena.

Je, fangasi huyu anaweza kuhamia kwetu? Maumbile yamemzoesha aina mahususi za sisimizi, na mwili wetu una joto la nyuzi 37. Wanasayansi Arturo Casadevall na Vincent Robert walikadiria mwaka 2009 kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka kati ya 30 na 40 hufungia nje takriban asilimia 6 ya aina za fangasi. Lakini hapo hapo mwandishi makini anapata mlango. Fangasi mwingine, Candida auris, aliyetambuliwa mwaka huohuo kutoka sikio la mgonjwa nchini Japani, anastahimili joto la mwili wetu na dawa nyingi, na amesharipotiwa hadi Kenya. Wapo wanasayansi wanaohisi ongezeko la joto duniani ndilo lililomzoesha. Bado ni dhana, na riwaya inahitaji dhana ya namna hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kasi. Mtu anang'atwa, sekunde kumi baadaye amegeuka. Virusi lazima viingie kwenye seli na kuzaliana, na hilo huchukua muda. Kichaa cha mbwa hupanda polepole kwenye neva kuelekea ubongoni, kwa kawaida wiki kadhaa hadi miezi. Kidonda kimepona, mtu anakula na kucheka na wanawe, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mnaitupaje miezi hiyo yote ya hofu?

Najua wapo watakaosema maelezo huua hofu, na hoja hiyo naiheshimu. Ila sidai mwandishi atoe mhadhara. Nadai ajue yeye mwenyewe, maana ukweli wenyewe unatosha kutisha. Mwaka 2016 huko Yamal, Siberia, kimeta kiliua mvulana wa miaka 12 na zaidi ya reindeer (kulungu wa nchi za baridi) 2,000, na inaaminika kilitoka kwenye mzoga wa zamani uliofichuliwa na ardhi iliyoyeyuka. Hakuna kijidudu kipya hapo, ni ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua kwa jina.

Anayeona sheria hizi zinambana mwandishi, ataje tukio moja la kutisha ambalo haliwezekani kuandikwa bila kuzivunja.