Safari ya meli ya kitalii Bahari ya Hindi: tuchague bandari zipi tukiwa na mzazi mwenye maumivu ya magoti?

Mama wa Kampemba (Lubumbashi) anauliza:

Wapendwa, nawasalimu. Mimi na mume wangu tumejiwekea akiba kwa muda mrefu ili tumpeleke mama yangu mzazi baharini, kwa kuwa ameishi Katanga maisha yake yote, na maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya ziwa Tanganyika kule Kalemie. Tungependa kusafiri kati ya Desemba na Machi. Wakala wa safari ametupatia ratiba tatu ambazo bei zake hazipishani sana. Ya kwanza inatoka Durban na kurudi Durban, ikipitia Kisiwa cha Wareno na Pomene nchini Msumbiji. Ya pili inaanzia Port Louis, Mauritius, inapita Réunion na Nosy Be (kisiwa cha Madagaska), kisha inalala usiku mmoja Victoria, Shelisheli. Ya tatu inaanzia Mombasa, inashinda Zanzibar siku nzima na kumalizikia Victoria.

Mama ana miaka 71, anatembea kwa fimbo na hawezi kupanda ngazi nyingi. Mume wangu anataka kuogelea, na mimi nataka kuona miji na watu wake. Picha alizotuonyesha wakala zote zinavutia, kwa hiyo hazinisaidii kuamua. Naomba mnieleze mtu anayejua mambo haya huitazamaje orodha ya bandari kabla ya kulipa.

Papa wa Makomeno anajibu:

Mama, habari za nyumbani. Nilifanya kazi ya jikoni katika meli za kitalii kabla ya kurudi Lubumbashi, na nimewaona wazee wengi wakibaki melini huku watoto wao wakishuka, si kwa sababu walikuwa wagonjwa, bali kwa sababu bandari ilichaguliwa kwa kufuata jina lake. Jambo la kwanza la kuuliza ni namna abiria wanavyofika nchi kavu. Kuna bandari ambako meli hufunga gatini na abiria hushuka kwa daraja mpaka kwenye saruji, na kuna nyingine ambako meli hutia nanga mbali na ufuko, kisha watu hupelekwa kwa mashua. Mombasa, Port Louis na Victoria zina gati la meli kubwa, na Réunion pia, pale Pointe des Galets. Nosy Be ni ya mashua. Kisiwa cha Wareno, kilicho jirani na Inhaca katika ghuba ya Maputo, hakina wakazi wala gati, na Pomene nako watu hushukia ufukweni.

Tafadhali usilichukulie jambo hili kuwa dogo. Mlango wa kushukia mashuani uko chini, ubavuni mwa meli, karibu na usawa wa maji. Mashua haitulii hata siku ya shwari: inapanda ikalingana na jukwaa, inashuka kiasi cha goti, kisha inapanda tena. Mabaharia wawili humshika abiria, mmoja kila upande, wakaisubiri ipande, na wakisema "sasa" ni lazima akanyage bila kusita. Mtu mwenye fimbo husita, na ana haki ya kusita. Kiti cha magurudumu mara nyingi hakiruhusiwi kabisa. Tena upepo ukizidi, nahodha hukifuta kituo chote, na mkataba wa tiketi humpa haki hiyo, kwa hiyo mnaweza kusafiri kutoka Lubumbashi hadi Durban na kukiona kisiwa kwa mbali tu. Kwa mama yako, ratiba ya kwanza ningeiondoa leo hii.

Jambo la pili ni saa ambazo meli inakaa bandarini, na zihesabu kwa uangalifu. Ratiba ikisema kuanzia asubuhi saa mbili hadi jioni saa kumi na moja, hizo si saa zenu zote, maana kushuka huchukua muda, na abiria hutakiwa kuwa wamerudi nusu saa au saa nzima kabla ya meli kung'oa nanga. Ndiyo maana bandari ambayo meli inalala ina thamani kubwa: mnatembea asubuhi, mzee anarudi kupumzika jua linapokuwa kali, na jioni mnatoka tena. Fuateni saa ya meli, wala msitegemee saa ya simu, kwani Mombasa na Zanzibar ziko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja, na Shelisheli kwa saa mbili.

La tatu ni hali ya hewa. Miezi mliyoitaja ni ya joto, lakini upande wa kusini-magharibi wa Bahari ya Hindi msimu wa vimbunga ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Januari 2024 kimbunga Belal kiliipiga Réunion, na mafuriko yakaingia mpaka katikati ya Port Louis. Mahé, kisiwa ambako mji wa Victoria upo, kiko karibu sana na ikweta na kwa kawaida hakifikiwi na vimbunga, na Mombasa iko karibu katika latitudo hiyo hiyo. Zanzibar nayo hufikiwa kwa nadra sana. Mume wako ajue pia kwamba Réunion, tangu mwaka 2013, kuogelea nje ya maji yanayokingwa na matumbawe au nje ya sehemu zenye ulinzi kumepigwa marufuku kwa sababu ya samaki aina ya papa.

Kwa maoni yangu, ratiba ya tatu ndiyo yenu.

Yaya wa Bel-Air anajibu:

Naungana na Papa, ila ningeanza na makaratasi, kwa sababu kampuni nyingi zinaweza kukuzuia usipande meli ikiwa huna viza ya nchi mojawapo iliyo katika ratiba, hata kama hukukusudia kushuka huko. Réunion ni sehemu ya Ufaransa lakini haimo katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), na viza yake ina masharti yake. Ratiba ya Durban inakutoa Afrika Kusini na kukurudisha, kwa hiyo Mkongomani anahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Shelisheli haimdai Mkongomani viza, ila unaomba kibali cha kuingia kwa njia ya intaneti kabla ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebeni mkononi, msiifungie ndani ya sanduku, maana sisi tunaotoka Kongo huulizwa karibu kila mahali katika visiwa hivyo.

Mama wa Kampemba:

Papa, Yaya, nawashukuru kwa moyo wote. Kwa maelezo haya ratiba ya kwanza tumeiacha, na ya pili tutaiacha pia kwa sababu ya Nosy Be na viza ya Réunion. Swali lililobaki ni Zanzibar: mama ataweza kutembea Mji Mkongwe, na mume wangu ataogelea wapi katika siku moja?

Dada wa Kamalondo (kwa sasa Dar es Salaam) anajibu:

Mama, Mji Mkongwe uko jirani kabisa na bandari, na vichochoro vyake ni vya tambarare, ila mawe yake yanateleza mvua ikinyesha. Mwekeeni mama nusu ya asubuhi tu: milango ya mbao iliyochongwa, soko la Darajani, kisha bustani ya Forodhani ambako kuna viti na upepo wa bahari. Waulizeni kampuni kwa maandishi kama meli yao hufunga gatini pale Malindi au hutia nanga nje, kwani meli kubwa huweza kukosa nafasi.

Kuhusu kuogelea, mume wako asikubali kupelekwa pwani ya mashariki, kama Paje, kabla ya kuangalia majedwali ya kupwa na kujaa. Maji yakipwa huko, bahari hurudi nyuma mbali sana, na mtu hubaki akitembea juu ya mchanga na mwani. Nungwi na Kendwa, kaskazini, huogeleka karibu saa zote, lakini ni zaidi ya saa moja kwa gari kwenda na vivyo hivyo kurudi, kwa hiyo aende yeye peke yake na dereva aliyeaminiwa, nanyi wawili mbaki mjini.

Kumbukeni pia kwamba miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na Zanzibar mikahawa mingi hufungwa mchana, wala si heshima kula hadharani. Mkiweza kusafiri Januari, mama atakula urojo Forodhani bila tatizo. Victoria haitawapa shida yoyote: soko la Sir Selwyn Selwyn-Clarke liko karibu na bandari, ndege weupe wenye miguu mirefu huzunguka kwenye meza za wauza samaki wakisubiri mabaki, na Kifaransa chenu kitaeleweka kila mahali. Ila wakala akiwauzia matembezi ya Praslin, kisiwa kingine cha Shelisheli, ili mkaone minazi ya coco de mer katika Vallée de Mai, mwambieni kwamba mama hatakwenda, kwani huko mtavuka kwa boti, na njia za msituni zina ngazi za mawe.