Naomba ushauri: ari inaisha kwenye msako mrefu wa nyumba ya kununua Dar

Wakuu, habari zenu. Msako wa nyumba ya kununua ukipita mwaka, ari inalindwaje?

Bei si kero kubwa. Kero ni hela ya dalali kila safari, nyumba ileile kuletwa na madalali watatu kwa bei tatu, halafu karatasi: mkataba wa serikali ya mtaa tu, au hati ipo ila mke wa muuzaji hajaridhia, na bila ridhaa ya mwenza uhamisho unakwama. Nyumba za mirathi ndiyo usiseme, msimamizi hajateuliwa na mahakama lakini bei tayari imetajwa.

Utaratibu wa sasa: nakala ya hati kwanza, upekuzi kwa Msajili wa Hati, ndipo kwenda kuona, nyumba zisizozidi mbili kwa Jumamosi. Unapokwama: wauzaji wengi hawatoi nakala kabla ya kumwona mnunuzi (matapeli wamejaa pande zote, siwalaumu).

Mpangilio ugeuzwe? Kipi kilegezwe kwanza: umbali kutoka lami, ukubwa wa kiwanja, au kuchukua pagala na kumalizia? Na masika, kupumzika au ndiyo wakati wa kuona maji yanapotuama?